Kinachopanda Kilimanjaro Kitashukia Wapi?

Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilidondoka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, nchini Kenya. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilikwenda kuichukua, likaeleza kwamba ni kipande cha roketi kilichotakiwa kiungue hewani au kiangukie baharini. Hakuna aliyeumia. Mukuku si mbali na kwetu Moshi: upande wa Emali na vilima vya Chyulu, mawingu yakitawanyika, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huonekana kama kilivyo.

Jambo kama hilo likitokea, maneno huchanganyika. Roketi, droni, fataki, baluni na bomu hutiwa kwenye kapu moja. Mwalimu wa fizikia wa Kibosho anayetaka wanafunzi warushe chupa ya soda kwa maji na upepo, kijana wa chuo anayesoma namna ya kuchoma sukari ndani ya bomba ili lipae kama roketi, na mtalii aliyeshuka kwenye uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, na droni mkobani, wote huulizwa swali moja: una kibali? Wazazi nao wana la kwao: hivi watoto wanafundishwa uhandisi au wanachezea moto? Maswali yote mawili ni halali. Tatizo ni kwamba jibu la chupa ya soda haliwezi kuwa jibu la bomba la sukari, na jibu la uwanda wa Kahe haliwezi kuwa jibu la Machame mlimani. Hapa tutavitenganisha.

Kutoka kombeo hadi Ghuba ya Ungwana

Kurusha kitu ni ufundi wa zamani sana. Mtoto anayelinda mpunga au ulezi dhidi ya ndege anajua kombeo na manati kabla hajajua neno fizikia. Anajua jiwe jepesi mno halifiki mbali, zito mno halitoki, na upepo wa mchana hulipeleka kando. Kinachokosekana ni kipimo. Yeye anajua kwa mkono wake. Mhandisi anatakiwa ajue kwa namba, na aweze kumwambia mwenzake ambaye hakuwapo.

Afrika Mashariki ilionja roketi kubwa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kwenye majukwaa yaliyosimikwa baharini katika Ghuba ya Ungwana, kaskazini mwa Malindi, roketi tisa aina ya Scout zilirusha setilaiti kati ya 1967 na 1988. Mojawapo, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ilipewa jina la Uhuru, nayo ndiyo iliyokuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Kwa hiyo tuna Uhuru mbili, moja kileleni mwa Kibo na moja iliyopita juu yake. Ila waliobuni mitambo ile walikuwa Waitaliano na Wamarekani.

Miaka ya karibuni mambo yamegeuka kidogo. Chuo Kikuu cha Nairobi kilishiriki kutengeneza setilaiti ndogo ya 1KUNS-PF, iliyoachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 11 Mei 2018. Wahandisi vijana watatu wa Uganda walijenga PearlAfricaSat-1 wakiwa masomoni Japani, ikapaa Novemba 2022. Katika visa vyote viwili kilichotengenezwa na wanafunzi ni mzigo; kuurusha ilikuwa kazi ya wengine. Wanaojaribu kurusha wenyewe ni wachache. Walio karibu nasi zaidi ni kundi la Nakuja la Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, Juja, ambako wanafunzi hujenga roketi zao wenyewe, mfululizo wa N. Jina walilochagua linastahili sifa: roketi inayosema “nakuja” inawakumbusha walioko chini kwamba kila kilichopanda kitarudi.

Upande wa Moshi hakuna kundi la namna hiyo lenye historia ndefu. Kuna vichocheo vya kutosha: shule ya Moshi Ufundi mjini, Chuo cha Ufundi na Taasisi ya Nelson Mandela upande wa Arusha, maonyesho ya Wanasayansi Vijana Tanzania, mashindano ya ubunifu ya MAKISATU yaliyoanza 2019, na sasa mkondo wa amali ulioingia sekondari Januari 2024. Mkondo huu ndio unaofanya mjadala uwe wa leo. Shule ikiambiwa ifundishe kwa vitendo, mwanafunzi mmoja katika kila darasa atasema: turushe kitu.

Serikali inaona nini angani

Mkanganyiko wa vibali una sababu. Sheria hazikuandikwa kwa kufikiria mwanafunzi. Ziliandikwa kila moja kwa hofu yake.

Droni zina kanuni zake tangu 2018. Mwenye chombo hupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na pia Wizara ya Ulinzi. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro kuna mlango wa ziada, wa Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Baruti zina Sheria ya Baruti ya 1963, na sheria hiyo ni ya wachimbaji. Kwa mtu wa Moshi neno baruti halimpeleki kwenye roketi, linampeleka Mererani, kwenye mashimo ya tanzanaiti. Baluni zisizo na mtu zimo katika kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, Kiambatisho cha Pili, ambacho huzipanga katika makundi ya nyepesi, za kati na nzito, na mzigo wa kilo nne ni mojawapo ya mipaka hiyo.

Chupa ya soda inayoruka mita 40 haina injini, haina baruti, haina rubani wa mbali, na haikai hewani hata sekunde kumi. Haifanani na chochote kati ya hivyo. Roketi ya sukari inafanana na vyote kidogokidogo: ina kinachowaka kama baruti, inapaa kama ndege, na ikishawashwa haiongozwi na mtu. Ndiyo maana mwalimu akiuliza ofisi moja huelekezwa ya pili, na ya pili humrudisha ya kwanza. Si lazima awepo mtu mwenye nia mbaya. Kila ofisi inatazama kipande chake.

Juu ya hayo kuna viwanja. KIA, kilichofunguliwa 1971, kiko katikati ya Moshi na Arusha kwenye mita 894 juu ya usawa wa bahari, na ndege kubwa huteremka kuelekea huko zikipita juu ya uwanda wa Hai. Moshi mjini nako kuna kiwanja kidogo. Anayefikiri uwanda ule mtupu ni mahali huru pa kurushia, kwa kuwa haoni kitu juu yake, ajue rubani anaiona ramani tofauti kabisa.

Hoja ya kwanza: waanze na chupa

Upande wa kwanza husema: waacheni warushe, waanze na kitu ambacho hata kikikosea kinamlowesha mtu tu.

Tukitazame kifaa chenyewe. Chupa ni ya soda ya lita moja na nusu, na lazima iwe ya soda, kwa sababu imetengenezwa kustahimili gesi iliyobanwa. Chupa ya maji ya kunywa ni nyembamba na itafumuka. Angalia kitako: cha soda kina vinundu vitano kama miguu, na umbo hilo lipo ili gesi isikibinue. Ndani huwekwa maji theluthi moja, yaani nusu lita. Mdomoni huzibwa kwa kizibo cha mpira kilichotobolewa na kupachikwa valvu ya tairi. Chupa hupinduliwa juu ya fremu, pampu ya baiskeli inajaza upepo. Kwenye 60 ya geji, ileile anayoisoma fundi wa matairi pale stendi, mtu anavuta kamba akiwa mbali, kizibo kinaachia, maji yanatoka chini na chupa inaondoka.

Hadi hapa ni mchezo. Uhandisi unaanza pale mwanafunzi wa pili anaposimama mita 50 kutoka kwenye fremu akiwa na protrakta iliyofungwa timazi ya fundi mwashi. Chupa ikifika kileleni anasoma pembe. Pembe ikiwa digrii 45, chupa imefika mita 50 juu ya jicho lake. Ikiwa digrii 35, imefika mita 35. Kisha wanabadilisha kitu kimoja tu, kiasi cha maji, na kurudia. Baada ya mizunguko thelathini wana mchoro unaoonyesha kwamba maji mengi mno hupunguza kimo na maji machache mno hukipunguza pia. Hilo hawakuliamini kwa kuwa mwalimu alisema.

Nguvu ya hoja hii ni bei na usalama. Udhaifu wake ni kwamba shule nyingi huishia kwenye mshangao. Chupa inapaa, wanafunzi wanashangilia, mgeni rasmi anapiga makofi, hakuna aliyeandika namba. Kuna udhaifu mwingine ambao watetezi hawapendi kuusema: chupa ina kikomo. Haibebi mzigo wa maana, haifiki mbali, na kijana mwenye akili ataichoka ndani ya muhula mmoja. Asipopewa hatua inayofuata, ataitafuta mwenyewe mtandaoni, na atakachokikuta huko ni sukari na shura.

Hoja ya pili: roketi ya kweli au tusijisumbue

Upande wa pili hudharau chupa. Kwao, nchi haiwi na wahandisi wa roketi kwa kupampu maji. Wanataja Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, ambako wanafunzi walirusha Traveler IV tarehe 21 Aprili 2019, ikawa roketi ya kwanza ya wanafunzi kuvuka mpaka wa kilomita 100. Wanataja Juja. Kama wenzetu wa jirani wanaweza, kwa nini si sisi?

Hoja ni nzito, na haifai kuijibu kwa kutisha watu. Roketi yenye mafuta yanayowaka hufundisha vitu ambavyo chupa haigusi: mafuta huungua kwa kasi gani, chuma au plastiki hustahimili joto kiasi gani, kompyuta ndogo iamue lini kufungua mwavuli. Mwanafunzi anayejenga benchi la kupimia msukumo, injini imefungwa chini isiende popote, amejifunza kuliko aliyerusha mara kumi bila kupima.

Lakini tuzilinganishe nishati. Upepo uliobanwa kwenye chupa yetu una jouli mia chache. Kilo moja ya mafuta ya sukari, ikitoka nyuma ya roketi kwa kasi ya zaidi ya mita elfu moja kwa sekunde, hubeba nishati zaidi ya mara elfu moja ya hiyo, na huimaliza kwa sekunde chache. Betri ya droni nayo ina nishati nyingi, ila huitoa kwa dakika ishirini. Hatari hukaa kwenye kasi ya kutoa, kama maji ya mfongo, mfereji wa mlimani, na maji ya gharika yanavyoweza kuwa ndoo zilezile.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo linalosahaulika: kushuka. Roketi ya kilo kadhaa, nyembamba, iliyofika mita 100 na kukataa kufungua mwavuli, hutua kwa kasi inayokaribia kilomita 160 kwa saa. Ikifika mita 500 kasi inazidi hapo, na hakuna anayejua itatua wapi ila kwa makisio.

Wamarekani walikutana na tatizo hili 1957. Sputnik ilipopaa Oktoba mwaka huo, vijana wao walianza kuchanganya kemikali jikoni na gereji, na wengine wakaumia vibaya. Baadhi ya watu walitaka marufuku. Mhandisi G. Harry Stine, pamoja na Orville Carlisle aliyekuwa amebuni roketi ndogo ya karatasi, walileta njia nyingine: injini itengenezwe kiwandani, ipimwe, iuzwe imefungwa, kijana ajenge kila kitu kingine lakini asichanganye mafuta. Mwaka huohuo ikaanzishwa jumuiya ya kitaifa yenye kanuni zake za usalama. Miongo kadhaa baadaye, tangu 2003, wana mashindano ya shule ambamo roketi hubeba yai bichi: ifike kimo kilichotajwa, irudi kwa muda uliotajwa, na yai lisipasuke. Roketi iliyopaa juu kuliko zote na kuvunja yai haina kitu.

Hapa ndipo hoja ya “wenzetu wanaweza” inapolegea. Wenzetu wa Marekani hawakuruka hatua ya injini ya kiwandani. Walikaa nayo miaka. Sisi hatuna kiwanda hicho, na injini kutoka nje zitakumbana na Sheria ya Baruti forodhani. Kwa hiyo anayetaka roketi ya kweli Moshi leo anamtaka mwanafunzi achanganye mafuta mwenyewe, yaani aanzie pale ambapo Wamarekani waliamua pasianziwe.

Hoja ya tatu: kiruke chenye kazi

Upande wa tatu unachoshwa na roketi zote, za maji na za moto. Unauliza: kitarudi na nini? Mfano wao bora uko Zanzibar. Kuanzia 2016, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, walishirikiana na Kamisheni ya Ardhi kupiga picha Unguja na Pemba kwa droni za mabawa aina ya eBee. Chombo hicho ni cha povu gumu, hakifiki kilo moja. Mtu hukishika kwa mikono miwili, propela ikiwa nyuma, hukitikisa mara tatu injini iwake, kisha hukisukuma mbele kama anayerusha ndege ya karatasi. Kinapanda, kinapita mistari kama ng'ombe wa plau, kinarudi kutua tumboni. Picha zake zimekuwa ramani ambazo mipango miji huzitumia. Hao nao ni wanafunzi waliorusha kitu hewani.

Mwanza nako, mwaka 2018, ilitangazwa kwamba droni ya DHL na Wingcopter ilikuwa imebeba dawa hadi Ukerewe, kilomita 60 juu ya ziwa kwa wastani wa dakika 40. Ule ulikuwa mradi wa kampuni, lakini ulionyesha jinsi jiografia inavyoweza kuipa droni kazi ambayo pikipiki haiwezi.

Je, mlima unayo kazi hiyo? Sehemu tu. Moto wa Oktoba 2020 uliteketeza takribani kilomita za mraba 95 ndani ya hifadhi, na jicho la angani lingesaidia kujua usiku moto umefika wapi. Mashamba ya mpunga ya Chekereni na miwa ya kiwanda cha TPC ni tambarare, yako wazi, na droni huyasoma kama kitabu. Ukipanda kwenye vihamba, hesabu inageuka. Kihamba kina tabaka: miti ya kivuli juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba. Kamera ya juu huona majani ya migomba. Kahawa yenye kutu ya majani, ambayo ndiyo mkulima anataka kuijua, imefichwa. Anayewaahidi wakulima wa Machame uchunguzi wa kahawa kutoka angani bila kusema hili, ama hajui kihamba ama anauza droni.

Tena kuna mteremko wenyewe. Ardhi ikipanda mita tano kwa kila mita mia, droni iliyowekwa kimo cha mita 120 juu ya mahali ilipoondokea, ikaelekea mlimani bila kubadilisha kimo, itakutana na udongo baada ya kilomita 2.4 tu. Ni lazima rubani awe na ramani ya miinuko. Hewa nayo hupungua. Moshi mjini ni nyepesi kwa asilimia nane hivi kuliko ya Tanga. Kwenye kilele cha Uhuru inakaribia nusu. Propela hupata kidogo cha kushika, na betri za lithiamu hulegea kwa baridi.

Udhaifu mkubwa wa hoja hii, hata hivyo, ni wa kielimu. Droni ya kununuliwa huficha uhandisi wake. Mwanafunzi hujifunza kuendesha na kutengeneza ramani, kazi nzuri zote mbili, lakini hajui kwa nini bawa linabeba. SUZA walihitaji warasimu ramani na waliwapata. Anayehitaji wabunifu wa vyombo atahitaji kitu zaidi.

Kando kidogo: ndoto ya Kibo

Kila mjadala wa roketi ukifika Kilimanjaro huzuka mtu na wazo: mlima ni mrefu, uko karibu na Ikweta, kwa nini usiwe kituo cha kurushia? Wazo halistahili kuchekwa. Moshi iko kwenye digrii tatu na kitu kusini, ambako mzunguko wa dunia humpa anayerusha kuelekea mashariki zawadi ya zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa.

Ila setilaiti ya karibu huhitaji kilomita 7.8 kwa sekunde, ambazo ni zaidi ya kilomita 28,000 kwa saa. Kilomita sita za urefu wa mlima ni akiba ndogo mbele ya deni hilo. Faida yake ya kweli ni hewa nyepesi, nayo haitoshi kulipia barabara ya malori hadi barafuni. Zawadi ya Ikweta Ungwana wanayo pia, tena usawa wa bahari. Tofauti ni nini kiko mashariki. Ungwana kuna Bahari ya Hindi. Kilimanjaro kuna Rombo, Taveta, Tsavo, kisha Pwani yenye watu. Vipande vya hatua ya kwanza ya roketi vingeangukia kwa mtu, na Mukuku tumeshaona pete moja inavyofanana. Mlima wenyewe ni urithi wa dunia tangu 1987. Ndoto hii tuiache ipumzike.

Mizani

Tukizipima hoja tatu, kila moja ina swali ambalo wengine hawana. Ya chupa inauliza nani anaweza kuanza kesho. Ya moto inauliza mhandisi anatoka wapi. Ya droni inauliza nani atafaidika. Kosa la mjadala ni kuzigombanisha kana kwamba ni lazima moja ishinde, wakati ni vidato vya ngazi moja, na kila kidato kina mahali pake pa kusimama.

Kigezo ninachokiona kinafaa kuliko vyote ni mahali pa kutua. Kimo ni namba ya kujisifia. Mahali pa kutua huamua kila kitu: kibali, umbali wa watazamaji, aina ya mwavuli, hata wilaya. Vihamba vya Marangu, Kibosho na Machame vina watu wengi, na watu hao hawaonekani kwa sababu wako chini ya migomba. Hakuna anayeweza kusema “eneo liko wazi” juu ya paa la majani. Kwa sababu hiyo roketi ya moto haina nafasi mlimani, hata ndogo, hata kwa mwanafunzi hodari. Kama itajaribiwa mkoani, basi uwandani mbali na njia za KIA, kwa chuo chenye wataalamu wa kemikali, TCAA na wahusika wa baruti wakiwa mezani pamoja kabla ya kilo ya kwanza kupimwa. Hata hapo miaka ya mwanzo iwe ya benchi la msukumo, injini ikiwa imefungwa ardhini.

Droni ibaki kwenye kazi zake: tambarare, moto wa nyika, ramani za makorongo. Wanafunzi waiendeshe chini ya taasisi yenye kibali tayari, kama Zanzibar walivyofanya na Kamisheni ya Ardhi, badala ya kila shule kutafuta kibali chake.

Shule za mteremko zina kitu ambacho Juja haina, na ni ajabu kwamba hakitajwi. Zina kushuka. Wachagga walijenga mifongo, wakapeleka maji ya mto maili nyingi bila pampu, kwa kuijua tu tabia ya mteremko. Migongo ya ardhi kati ya Weruweru, Kikafu na Karanga inaishia kwenye makorongo marefu. Mwanafunzi anayetaka mita za kuruka hahitaji kuchoma chochote. Anasimama ukingoni na kuachia bawa la povu lielee bondeni, asubuhi, kabla upepo wa mchana haujaanza kupanda mlima na kuvuta mawingu. Wapagazi wanaijua saa hiyo. Bawa lililobuniwa na kuelea mita 200 limefundisha zaidi ya droni iliyonunuliwa.

Mwavuli nao ni somo la kushuka. Kiswahili kilimpa anayejikinga na mvua na askari anayeruka kutoka ndegeni neno moja, na kwa karakana ya shule hiyo ni habari njema. Zamani miavuli ya majaribio ilitengenezwa kwa mifuko ya rambo; tangu marufuku ya Juni 2019 itabidi kutumia kitambaa cha mwavuli uliovunjika mbavu, ambacho hakikosekani mahali penye mvua kama Kilimanjaro. Kikate pembe nane, funga nyuzi nane za urefu mmoja, ning'iniza betri ya redio kama mzigo. Rekebisha mpaka kidondoke mita 20 kwa sekunde tano Moshi mjini. Kisha mwavuli uleule, mzigo uleule, kimo kilekile, upelekwe lango la Marangu, mita 1,860 hivi juu ya bahari.

Hewa ya pale ni nyepesi zaidi, kwa hiyo utashuka haraka zaidi. Tofauti itakuwa kama robo sekunde. Kidole cha mtu kwenye saa ya simu hukosea karibu kiasi hichohicho, kwa hiyo itabidi wauangushe mara ishirini mjini na mara ishirini langoni, na kuandika kila namba, hata ile isiyowapendeza.